Bugali, Mayai na Chuma: Jibu kwa Masika Mwenye Anaenda Beni

Masika mwana wangu,

Juzi uliniuliza kitu na mimi nikakujibu ovyo. Nilikuwa nainama, nafunga kamba ya viatu. Wewe ulikuwa unasimama ku mulango, mukono juu ya tumbo, ukasema, "Papa, kule Beni nikate bugali, ao nisikate?" Nikajibu, "Kata kidogo," nikaenda zangu. Tangu pale siko na amani. Ile jibu ni ya mupumbafu, na mimi katika mambo ya kukula na chuma nilishakuwa mupumbafu mara moja, ilitosha.

Sasa mumeenda Bulengera na mama yako kuaga bale ba korali, benye munaimba nabo ku kanisa. Mvua inanyesha, nyumba iko kimya, kuku tu njo banapiga kelele chini ya meza. Niko na masaa mbili ao tatu mbele ya ninyi kurudi. Mambo ya dawa ya malaria, mambo ya kutopita fasi kuko baaskari, mama yako atakuambia mpaka kesho ku parking, na mimi sitamunyanganya kazi yake. Nataka tu kujibu swali yako. Lakini kuijibu muzuri inaomba nikuambie mambo yenye sikukuambiaka, na ingine ni ya haya.

Mwezi yenye ilipita ulianguka chini ya chuma. Kilo makumi tano, yenye unanyanyulaka ukicheka! Uliona giza, ukakaa chini, ukasema ni jua. Haikukuwa jua. Nilisikia nyuma kwamba kuna musichana alikuambia umenenepa, na toka ile siku ulikuwa unasukuma bugali pembeni ya sahani na kumupatia mudogo wako Muhindo. Kule Beni unaenda kukaa kwa shangazi yako na kunyanyula mu kategori ya kilo makumi tano na munane, na uko na kilo makumi sita. Zile kilo mbili unaziangalia kama mwizi mwenye aliingia mu nyumba. Basi ngoja nikuambie habari ya kilo ine, zenye zilikuwa juu ya baba yako.

Ilikuwa mbele ya vita ya kwanza, wewe ukiwa na miaka kumi. Tulikuwa banaume saba, tunanyanyula nyuma ya moulin, ile mashine ya kusaga mihogo. Chuma yetu ilikuwa kipande ya essieu, ile chuma yenye kushika magurudumu ya camion, na uzito tulitengeneza kwa kumwanga simenti mu mikebe ya rangi. Kujua kilo tulienda kuomba balance, mizani ya kahawa, kwa depo, bale bakatucheka, lakini bakatupimia. Kila mwaka tulishindana na batu ba Beni, na mimi nilitaka kubashinda mpaka nilikuwa naota chuma.

Nilijiambia: mutu ya nguvu ni mutu munene. Nani atanikatalia? Mu mji yetu mutu mwenye tumbo ni mutu mwenye camion. Nikaanza kukula. Asubuhi mayai sita ndani ya mafuta ya ngazi, mawese, saa sita nyama ya nguruwe na mafuta yake yote, mangaribi kasikisi, ile pombe ya ndizi yenye babu yako alipendaka. Na unajua mila yetu. Yai ilikuwa ya baba. Mwanamuke akikula yai, banasema ni mulafi, hata nyama ya kuku hivyo hivyo, na firigisi, ile haikukuwa hata ya kuulizia. Sikutunga mimi hiyo mila, lakini ilinifaa sana. Kuku ine za mama yako zilitaga, mimi nikakula.

Sitaficha ukweli: mwanzo chuma ilipanda. Mwezi ya kwanza, mwezi ya pili, kila wiki naongeza mukebe. Batu bakaanza kunisalimia mu barabara, "Patron Paluku!" na mimi mwenye siko na hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikajibu kwa sauti ya patron. Mwezi ya tatu chuma ikasimama. Mukaba ya suruali njo iliendelea, tobo kwa tobo. Nilitoka kilo makumi saba na mbili nikafika makumi saba na kenda, na kategori yangu ilikuwa makumi saba na tano.

Wiki moja mbele ya kuenda Beni nikashituka. Ujue nilifanya nini? Nilikata bugali yote, biazi byote. Nikabakia na mayai. Nikavaa makoti mbili na koti ya mvua, nikapanda mulima kwa mbio jua ya saa sita, batoto bananifuata bananiimbia. Siku mbili za mwisho nikakatala na maji, nikawa natema mate mu mukebe nikizani kila mate ni kilo. Mama yako aliniangalia akasema, "Paluku, uko mugonjwa wa kichwa?" Nikamuambia hajue sport.

Njiani, kwa barrière, ile kizuizi ya barabara, baaskari ba Zaire balisimamisha camion. Bale, mushahara balikuwa bamesahau rangi yake, balikuwa banajilipa kwa batu. Batu bembamba balipita. Mimi, moja akaninyooshea kidole: "Yo papa, yaka awa! Mema!" Papa, kuya hapa, beba! Akanionyesha magunia, nibebe mpaka ku camp yabo kule juu. Nilibeba masaa mbili, bila maji mu mwili, bila bugali. Hapo njo nilijua kwamba mutu mukubwa banamuonaka mbali. Nilifika Beni na camion ingine, nikapanda ku balance: kilo makumi saba na tano. Nikafurahi! Mupumbafu gani huyu, Masika, alifurahi.

Mara ya kwanza chuma ilifika ku magoti. Nikaiacha, nikakaa na matako mbele ya Beni muzima. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sikuenda. Mwenye alishinda ni muzee moja banamuita Kasereka, nywele nyeupe, tumbo imenyooka, mwembamba mpaka ukimuona ku soko utamusaidia kubeba mufuko. Kazi yake ni kupasula mbao. Alininyooshea mukono akasema nisikasirike, nilale kwake, camion za kurudi ni za kesho kutwa.

Sikulala na hasira, ni ajabu tu njo ilinisumbua. Mutu huyu anakula nini? Asubuhi nikamufuata mpaka ku kazi yake, pembeni ya pori. Unajua namna banapasula mti mukubwa: banaipandisha juu ya miti mingine, mutu moja anasimama juu, mwingine anasimama chini, na musumeno moja murefu iko kati yabo, huyu anavuta, huyu anavuta. Mwenye iko chini unga ya mbao inamuangukia mu macho siku nzima.

"Muzee," nikamuuliza, "unakulaka nini?"

"Byakula," akajibu, na batu yake bakacheka.

Kisha akanihurumia. Alitoa mu mufuko kamba ya katani yenye mafundo mbili. Moja ilikuwa kipimo ya tumbo yake, ingine ya paja. "Kila mwezi napima. Paja ikipita fundo, najua chakula ilienda ku kazi. Tumbo ikipita fundo, najua nilikula ya kulala." Balance hakuiamini sana, alisema balance inapima hata maji yenye ulikunywa. Mimi nikamuuliza maswali kama mutoto. Asubuhi? Bugali na maharagi ya jana, mbele ya kushika musumeno, kila siku. Saa sita? Bugali, maharagi, mboga ya lengalenga, kipande ya makayabo. Makayabo ile samaki ya chumvi, kipande kama vidole mbili, haikukuwa zaidi. Mu mufuko kalanga. Mangaribi maharagi tena, ama uji ya soya, na bugali kidogo kuliko ya asubuhi. Mafuta kijiko moja mu nyungu nzima.

"Na nyama?"

"Noeli."

"Na bugali haikuletei tumbo?"

"Bugali njo makala ya moto. Ukikosa makala, mwili inachoma mbao ya nyumba yake yenyewe. Wewe jana ulichoma mapaja yako, nilikuona." Akaniambia pia namna ya kupunguza: utoe pombe yote, utoe mafuta nusu, upunguze bugali ya mangaribi konzi moja, ya asubuhi usiiguse, na maji usijinyime hata siku moja. Ungoje. Nusu kilo kwa wiki ni mingi. Mwenye kutoa kilo ine mu wiki moja anatoa nguvu, na tumbo inabakia inamucheka.

Saa sita bakaleta nyungu. Hapa nikuombe usome pole pole. Kasereka alikuwa mukubwa wa kazi, musumeno ilikuwa yake. Aligawa bugali mafungu sawasawa, maharagi sawasawa, akavunja hata makayabo sawasawa, na mwenye kugawa njo anachukua nyuma ya wote. Yule kijana wa chini alichagua wa kwanza. Mimi nikashangaa, nikasema, "Muzee, wewe ni mukubwa, na njo wewe unanyanyula chuma. Juu ya nini hauongeze yako?"

"Huyu wa chini akilegea, mbao inapinda," akasema. Kisha akaniuliza, akitafuna, "Na bibi yako, iko nakula nini?"

Nikacheka. "Muzee, mambo ya jiko sijue."

Hakucheka. Alimaliza yake, akapanda juu ya mti, bakaendelea.

Nilirudi Butembo na furaha ya mutu mwenye ameiba siri. Nilikata kamba yangu, nikafunga mafundo. Nikamuhesabia mama yako yote: maharagi asubuhi, soya mangaribi, kijiko moja ya mafuta, mayai tatu badala ya sita. Alipika yote vile nilisema. Alikuwa na mimba ya Muhindo, miezi saba. Alipika, akaniletea, akarudi ku jiko, na mimi nikakula nikipima mapaja yangu. Kama alibakia na kitu mu nyungu, sikuuliza. Nilichukua ku Beni chakula ya muzee, ile swali yake nikaiacha kule.

Kisha wiki tatu, mama yako alianguka ku chemchem na bidon, ile dumu ya maji. Batu balimubeba mpaka ku kituo ya afya. Muganga-mwanamuke akavuta kope yake chini, akaangalia, akasema, "Huyu mama hana damu." Akanigeukia mimi. "Anakulaka nini?"

Masika, chakula yake sikuijua. Nilijua mayai yangu, nilijua kijiko yangu ya mafuta, nilijua paja yangu ya kuume na ya kushoto. Wewe njo ulijibu. Ulikuwa unasimama ku mulango na ile bidon, miguu na matope mpaka magoti, ukasema, "Mama anakulaka byenye bilibakia."

"Na siku hakuna bya kubakia?"

"Analala."

Sijue kama unakumbuka. Sijawahi kukuuliza, juu niliogopa utasema ndiyo.

Muhindo alizaliwa mudogo sana, ile wiki baaskari balikuwa banakimbia mu mji na sisi tunajificha kwa moulin. Mungu alimuacha kwetu, wasingya, asante, leo anakusumbua. Lakini mama yako alikaa ku kitanda miezi mbili, na maji ulibeba wewe. Bidon ya litre makumi mbili, kutoka chini mpaka huku juu, wewe wa miaka kumi. Batu ba club banasema nguvu yako uliirizi kwa baba. Hapana. Ilitoka kwa ile bidon, na bidon ilikufikia sababu ya sahani yangu. Nisamehe. Hii neno nimeiandika mara tatu nikaikata, sasa naiacha.

Nyuma ya pale nilianza kugawa nyungu mimi mwenyewe, kama bale bapasula-mbao: mafungu sawa, mimi nyuma. Uliona namna mama yako alinikatalia! "Mimi nikule yai? Batu ba kanisa batasema nini?" Yai yake ya kwanza alikula nyuma ya nyumba, akiangalia njia, mudomo imejaa, kisha akacheka mpaka akakohoa. Alisema haina kitu ya ajabu, kelele yote hii ni juu ya kitu kama hii? Kesho yake akachukua mbili.

Sasa kuna kitu yenye ilinishangaza na ingali inanishangaza. Nilizani chuma yangu itaanguka, juu nilikuwa nimetoa mayai, nimetoa karibu nusu ya sahani yangu. Nilikubali ianguke. Haikuanguka. Mu miezi mitatu tumbo ilirudi nyuma ya fundo, paja ikabakia fasi yake, na kufika Pasaka nikaongeza mukebe moja ya kilo tano. Nilikaa chini nikafikiri sana. Kama ni hivyo, ile yote nilikuwa nimetwaa ku sahani ya mama yako haikuwahi kuwa nguvu. Ilikuwa tumbo. Hata kuiba niliiba bure.

Basi jibu yako njo hii. Bugali usikate. Ya asubuhi ukule yote, na maharagi, mbele ya kunyanyula, na ukule tena nyuma ya kunyanyula mbele ya kufanya kazi ingine yoyote. Angalia mafuta, angalia beignets, mandazi ya ku barabara, na chai yenye sukari vijiko ine, hapo njo kilo zako mbili zinalala. Wewe ni mwanamuke, damu inakutoka kila mwezi. Baba kuandika hii kwa binti yake ni haya, lakini yule muganga alinifundisha, na elimu siyo ya kuficha: lengalenga na maharagi kila siku, ukamulie ndimu juu yake, samaki ukipata, na chai usikunywe pamoja na chakula, ngoja saa moja, juu inazuia damu kujengwa. Pima tumbo na paja kila mwezi. Kama kilo mbili ziko ku tumbo, zitaenda pole pole. Kama ziko ku paja, ni zako, ulizitafuta kwa jasho. Panda kategori ya juu na usimuombe mutu ruhusa.

Lakini byakula haiko shida yangu. Beni kuko byakula kuliko huku. Shida yangu ni mukono yako. Nimekuangalia hizi miezi: unagawa, unapatia kila mutu, unabakia na nyungu ku mulango wa jiko, unakwangua. Mimi nilizani nilibadilisha nyumba hii. Nilibadilisha nyungu tu, mukono yako ilikuwa imeshajifunza ukiwa na miaka kumi. Na kwa shangazi yako Kavira kuko banaume tano: bwana yake, batoto yake batatu, na shemeji. Banaume bazuri, wote banakula sana. Utabapatia wote, utabakia na mchuzi, na siku moja chuma itakuangukia shingo na mimi siko pale. Hiyo njo naogopa. Vita naiogopa kidogo kuliko hiyo.

Basi juma iliyopita sikuenda kutafuta mbao vile nilikuambia wewe na mama yako. Nilienda Beni. Nilibakusanya bale banaume tano mu nyumba ya shangazi yako na nikabahadisia hii yote, mayai, mate mu mukebe, kope ya mama yako, jibu yako ku mulango. Nilisikia haya mpaka jasho ilinitoka. Kisha bwana ya Kavira akasema, "Shemeji, tumesikia," na ninaamini.

Shangazi yako alikuwa anasimama ku mulango wa jiko. Aliniambia, bila hasira, namna mutu anauliza habari ya mji yenye hajafika: "Paluku, yai iko na ladha gani?"

Ana karibu miaka makumi tano. Tulizaliwa nyumba moja, tulikula kwa mama moja. Nikafikiri: mayai ya utoto yake yalienda wapi? Nilijua yalienda wapi. Nilirudi huku nikaanza kukusanya ya kuku zetu.

Kesho utabeba kikapo yenye iko nyuma ya mulango. Ndani kuko mayai ya kuku zetu, nimeyafungia mu majani ya ndizi, uiweke ku magoti, usiipatie mutu wa camion. Ukifika, usingoje. Pika mbili, moja ya shangazi yako, moja yako. Akikatala, usimulazimishe na usimuhubirie. Kaa chini karibu naye, ukule ya kwako pole pole, mpaka kwisha, akuone.

Papa yako,
Paluku